Muvi za Kihindi zisizo na mbwembwe, anzia hizi

Mkuu, umesema umechoka na steringi anayepiga watu ishirini halafu anakimbilia milimani kuimba, unataka za bajeti ndogo ila stori mpya. Anza na Ankhon Dekhi ya 2014, mzee mmoja wa Delhi anaamua kuanzia leo haamini kitu ambacho hajakiona kwa macho yake, sasa kazini kwake ni mambo ya safari za ndege na yeye anajiuliza atamhakikishiaje mteja kitu ambacho hajakiona, basi anaacha kazi! Sanjay Mishra, ndiye huyo mzee, humo kaua, unacheka huku unamuonea huruma mkewe.

Kuna Trapped, Rajkummar Rao kafungiwa kwa bahati mbaya kwenye fleti ya ghorofa lisilo na watu Mumbai, maji hakuna umeme hakuna, karibu muvi nzima yuko peke yake na wala huchoki. The Lunchbox ya 2013 labda ushaiona, ile ya mke kumpikia mumewe msosi ukafika kwa mtu siye, yeye na huyo mtu wakaanza kuandikiana vikaratasi, jirani wa huyo mke anayekaa juu unasikia sauti tu na kikapu chake cha kamba, sura huioni ng'o. Newton nayo poa, uchaguzi porini huko Chhattisgarh, ila inaenda taratibu usiiwashe ukiwa na usingizi.