Chakula cha Wakantoni: kila kitu na saa yake, na usifungiwe cha kubeba

Mkuu, umeuliza swali zuri ila umejibiwa juu juu. Umesema unakwenda Guangzhou kufuata mzigo kwa mara ya kwanza, wewe ni Mwislamu, na umeambiwa chakula cha Wakantoni hakina ladha, bora ubebe unga wako. Waliotangulia wamekuelekeza migahawa ya Waafrika pale Xiaobei. Sina ugomvi nao. Ugali upo, samaki wa kukaanga yupo, na ipo siku utarudi umechoka na hesabu za kontena usitake kitu kingine. Lakini mji ule naenda na kurudi kwa miaka sasa, na naona watu wetu wanaulaumu upishi wa kule kwa jambo wanalolifanya wenyewe. Wananunua chakula, wanafungiwa, wanakibeba hadi kwenye majengo ya jumla ya Sanyuanli, wanakifungua baada ya saa nzima huku wakisubiri risiti, halafu wanasema hakina ladha. Ni kweli, kwa wakati huo hakina.

Uelewe kwanza upishi wenyewe. Ile China ya pilipili za kutia mdomo ganzi ni ya Sichuan, na Hunan nako ukali wanauweza, lakini Guangdong, jimbo la Guangzhou na la Wakantoni, siko. Mpishi wa Kikantoni ana tangawizi, majani ya vitunguu, sosi ya soya, chumvi ya kiasi, na moto. Anachojivunia ni kwamba samaki alikuwa hai asubuhi ile na kwamba sahani imetoka jikoni sasa hivi. Pilau letu lina viungo vya kulibeba, la jana linaweza hata kulishinda la leo. Chakula chao hakina ubebaji huo. Nusu ya utamu ni joto na namna kinavyoteleza au kutafunika mdomoni, na hayo mawili yanaondoka ndani ya dakika chache. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huo tu: kaa, kula palepale, kisha rudi kwenye biashara.

Asubuhi anza na cheung fun. Vibanda vyake viko kila mtaa, vya watu wawili watatu, na kabati la bati lenye droo linalofuka mvuke. Mwenye kibanda anamwaga maji ya mchele uliosagwa kwenye droo, anapasulia yai, anatupia nyama ya ng'ombe ya kusaga au majani ya saladi, anasukuma droo ndani. Punde anaivuta, anakwangua ule utando, anaukunja, anaukatakata na kumwagia sosi ya soya. Kula hapohapo kwenye kile kigoda cha plastiki, maana ukipoa unashikana na kuwa mgumu. Mara nyingi bei haifiki yuan 15.

Siku usiyokuwa na miadi ya mapema nenda yum cha, chai ya asubuhi ambayo kwa kweli ni mlo wa kukaa kitako. Nyumba za chai za kale bado zipo upande wa Liwan, mji mkongwe: Tao Tao Ju ni ya tangu 1880, Guangzhou Restaurant ni ya 1935. Zote zina matawi siku hizi. Ila huhitaji jina kubwa. Ukiona ukumbi umejaa wazee na magazeti yao asubuhi na mapema, ingia. Usishangae ukikalishwa meza moja na watu usiowajua, ndiyo desturi kukijaa.

Kwanza utaulizwa chai gani, na chai inalipiwa kwa kichwa, yuan chache. Pu-erh ni nyeusi na nzito, inafaa ukila vyenye mafuta. Ya maua ya krisanthemamu ni nyepesi kwa asiyetaka kukosa usingizi. Wataleta pia bakuli kubwa tupu. Chai ya kwanza si ya kunywa: unasuuzia vikombe, vibakuli na vijiti, kisha unaimwaga kwenye hilo bakuli. Nimeshamwona mtu wa kwetu akiyapiga mafunda maji yale, meza nzima ikajifanya haioni. Mwenzako akikumiminia chai, gonga meza kidogo kwa vidole viwili. Ndiyo asante, na huna haja ya kukatiza mazungumzo. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong alisafiri amejificha kama raia, akammiminia chai mtumishi wake, naye asingeweza kupiga magoti hadharani bila kumfichua bwana wake, akavikunja vidole mezani badala ya magoti. Birika likiisha, acha kifuniko kimekaa upande, wataliona na kuja kuongeza maji.

Vyakula vyenyewe vinakuja kwenye vikapu vidogo vya mianzi, vipande vitatu au vinne kila kimoja. Usiagize vyote kwa mpigo! Tia alama viwili vitatu kwenye karatasi, kula vikiwa vinafuka, agiza vingine. Har gow ni kamba waliofungwa kwenye ngozi ya unga inayoonyesha kilichomo ndani. Mpishi anapimwa kwa hiyo, isichanike ukiinyanyua kwa vijiti na isigande kwenye meno. Miguu ya kuku imekaangwa, ikapikwa, ikatiwa mvuke pamoja na maharage meusi yaliyochachushwa mpaka ngozi inaachia yenyewe. Unafyonza, unatema vifupa kwenye kisahani, hakuna anayekutazama. Aliyezoea miguu ya kuku ya jioni pale Dar hatashtuka, ataona tu kwamba huku wameipa heshima zaidi. Keki ya figili nyeupe iliyokaangwa juu ni nzuri kuliko inavyoonekana. Vile vitobosha vya yai, egg tart, viombe vya moto au viache.

Sasa suala la kitimoto, maana ndilo ulilouliza hasa. Jiko la Kikantoni lina nguruwe hata pale usipomwona. Ndani ya har gow mara nyingi wanachanganya mafuta yake kidogo ili kamba walainike. Ngozi ya egg tart inaweza kuwa imekandwa kwa mafuta hayohayo. Keki ya figili ina vipande vya soseji. Siu mai, vile vifuko vya unga vilivyo wazi juu, ni nguruwe waziwazi. Na hata nyama ya ng'ombe inaweza kuwa imelowekwa kwenye mvinyo wa mchele. Anayekwambia "wewe chagua tu vya kamba" hajui anachosema.

Mwenzangu ninayesafiri naye ni mtu wa Tanga, anashika dini vizuri, na hajawahi kulala njaa kule. Simu yake ina picha za herufi chache. Hii 肉 inasomwa nyama, lakini ikisimama peke yake bila jina la mnyama jua ni nguruwe. Ng'ombe ni 牛, kuku ni 鸡, kamba ni 虾. Bango lenye 清真, mara nyingi la kijani, ni la Waislamu. Mingi ya migahawa hiyo ni ya Wahui, Waislamu wa Kichina, waliotoka kaskazini magharibi, na tambi zao za kuvutwa kwa mkono za Lanzhou, mji wa hukohuko, ni chakula kizuri sana, ila si cha Kikantoni. Ukitaka cha Kikantoni kilicho halali, kasali msikiti wa Huaisheng, barabara ya Guangta, mmojawapo wa misikiti mikongwe kabisa ya China, halafu waulize wenyeji wa pale wanakula wapi. Watakujibu vizuri kuliko sisi humu.

Njia nyingine aliyonifundisha yeye ni nyumba za wasiokula nyama, zenye herufi 素. Ni za desturi ya Kibudha, hawaweki nyama wala mafuta ya mnyama, na zile zinazoshika sana hawaweki pombe pia. Uliza tu kuhusu pombe kabla ya kukaa. Pale unapata yum cha kamili na vikapu vyake, uyoga, magimbi, tofu, na unakula bila kuhoji kila kitonge.

Mchana ni zamu ya siu mei, nyama za kuokwa unazoziona zimening'inia dirishani: bata bukini mwenye ngozi kavu, kuku wa sosi ya soya, na char siu ambayo ni nguruwe. Mkuu, hapo wewe pita, kwa sababu kisu na ubao ni vilevile kwa wote. Nyie wengine agizeni aina mbili juu ya wali. Kuku mweupe aliyechemshwa polepole mara nyingi ana wekundu kwenye mfupa. Hajaharibika wala hajasahaulika. Wanamtoa jikoni pale tu anapoiva ili nyama isikauke, na ile rojo ya tangawizi na majani ya vitunguu inayokuja pembeni ndiyo nusu ya sahani. Ukishindwa kuutazama huo wekundu, chukua wa soya. Hiki ndicho chakula pekee katika orodha yangu ninachokuruhusu ufungiwe, kwa sababu kinapendeza hata kikipoa kidogo.

Tambi za wantan, yaani tambi na vifuko vya unga vyenye nyama ndani, ni kinyume chake kabisa. Tambi zinakandwa kwa yai la bata na maji ya magadi, nyembamba, zinarudi ukiziuma. Supu inatoka kwenye samaki bapa mkavu na mifupa. Bakuli ni dogo makusudi, na wantan wanawekwa chini, tambi juu, ili zisilowe kabla hujafika. Unaanza na tambi, haraka, usipige stori. Mezani kuna siki nyekundu, tone moja mbili linakata ile harufu ya magadi. (Wantan ni kamba na nguruwe, na supu ni ya mifupa ya nguruwe mara nyingi.) Jirani yake ni ho fun ya ng'ombe, tambi pana za mchele zinazohusishwa na Shahe, humohumo Guangzhou, zikirushwa kwenye karai juu ya moto mkali. Kipimo chake: tambi hazikukatika, zina harufu ya moto, na ukimaliza sahani haibaki na dimbwi la mafuta. Baada ya dakika kumi ndani ya boksi, vyote viwili vimekufa.

Kukiwa na baridi, Desemba na Januari, tafuta wali wa chungu. Unapikwa mmoja mmoja kwenye chungu cha udongo, kwa hiyo utasubiri; ukiletewa upesi mno una sababu ya kutia shaka. Juu kuna kuku na uyoga, au ng'ombe na yai bichi, au soseji za nguruwe zilizokaushwa. Fungua, zungusha sosi tamu ya soya, funika tena kidogo, ndipo uchanganye. Ukoko wa chini usiuache! Wenyeji wanaukwangua kwa kijiko mpaka chungu kinalia, na wewe fanya hivyohivyo.

Usiku wa manane, ukitoka kufunga mizigo, kuna uji. Ni mchele uliochemka mpaka punje zimepotea, na ni wa chumvi, si wa sukari, lijue hilo kabla ya kijiko cha kwanza. Ninaoupenda ni uji wa mashua, ulioanza kuuzwa na watu walioishi majini kwenye mifereji ya Liwan: vipande vya samaki vinaivia ndani ya bakuli, karanga, nyuzi za yai, vipande vya andazi refu la kukaanga. Lile andazi usilizamishe lote, chovya na ule.

Vitamu vya maziwa ndivyo nimeona vikiwashinda hata wabishi. Shunde, jirani na Guangzhou, wana maziwa ya nyati wa kufugwa yaliyogandishwa kwa ute wa yai hadi yakafanya ngozi mara mbili. Shawan, kule Panyu, wana maziwa ya tangawizi: maziwa ya moto yanamiminwa juu ya maji ya tangawizi mbichi, na tangawizi yenyewe ndiyo inayoyagandisha. Hakuna yai wala unga. Ukiyakoroga kabla ya wakati hayagandi, kwa hiyo bakuli likiletwa liache mpaka kijiko kikiwekwa juu kisizame. Hapa wewe na mtu wa Tanga mnakula kwa raha zenu.

Dawa za mitishamba zinazouzwa barabarani kwa vikombe, zenyewe ni chungu kweli kweli. Wanazinywa mtu akila vya kukaanga sana akahisi mwili una joto. Wong Lo Kat, jina linalojulikana tangu 1828, siku hizi lina kopo jekundu lenye sukari. Anzia hapo kabla hujajaribu ile nyeusi ya kwenye birika la shaba.

Malipo: unganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat, programu za simu za kulipia, ukiwa bado nyumbani, kwa sababu meza nyingi hazina menyu ya karatasi, kuna mraba wa QR wa kupiga picha tu, unaagiza na kulipa humohumo. WeChat inatafsiri picha pia. Noti wanapokea, ila mwenye kibanda cha cheung fun alfajiri hana chenji ya yuan 100, tembea na ndogo ndogo. Na ukitaka kumwita mhudumu sema "m goi" kwa sauti ya kawaida, usipige miluzi.