Nyumba ya Magogo Huharibikia Siku ya Kubomolewa

Wanaoniuliza kuhusu nyumba kuukuu ya magogo niliyoihamisha huanza na namna ya kuijenga upya, nami huwarudisha nyuma hadi kwenye kuibomoa. Kila gogo lilichongwa kwa mkono likae juu ya gogo fulani na chini ya jingine. Ukilipandisha mahali pasipo pake, kona hazifungi.

Hilo nililijua kwa kuchelewa. Ukuta wa kwanza niliutia alama kwa chaki, herufi ya ukuta na namba ya safu kuanzia chini, nikaridhika. Usiku mvua ikanyesha, na asubuhi nikakuta magogo 14 yasiyotambulikana. Kwa siku mbili tuliyageuzageuza tukilinganisha mikato ya kona na kutafuta weusi hafifu ambao gogo la juu huacha kwenye la chini, mpaka yote yakapatana. Kuta tatu zilizobaki nilizipigilia vibati vya alumini vilivyokwaruzwa namba kwa msumari, upande wa ndani, daima kwenye mwisho uleule wa gogo, baada ya kupiga picha kila ukuta ukiwa bado umesimama.

Sura ya gogo isikudanganye. Lidunge kwa bisibisi kila baada ya hatua moja, hasa safu ya chini kabisa na sehemu zilizo chini ya madirisha, kwa kuwa huko ndiko maji hutuama. Ncha ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, ndani pameoza. Na unga laini ukimwagika kutoka kwenye vitundu vidogo, huenda wadudu bado wamo. Kwangu safu mbili za chini zilikuwa zimekwisha kabisa.

Hapo mtu hushawishika kuangusha mti mpya, na mimi ningemzuia. Mti mbichi husinyaa sana kwa unene unapokauka, ingawa kwa urefu haupungui kitu cha kuonekana. Gogo bichi lenye unene wa sentimita 30 linaweza kupoteza zaidi ya sentimita moja, ilhali yale ya zamani yaliyo juu yake yalikwisha kutulia, na matokeo yake ni nyufa na milango inayokwama. Nilichukua boriti za ghala lililokuwa likivunjwa. Zilikuwa kavu na imara, lakini zimejaa misumari, na mmoja tuliousahau ulivunja meno ya msumeno wangu; kwa hiyo pitisha sumaku yenye nguvu kabla ya kukata. Rangi ya zamani nayo usiipige msasa kabla ya kuipima, kwani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Wakati wa kusubiri, yapange magogo juu ya vipingili, yaachiane nafasi ya hewa, na turubai lifunike juu tu. Ukiyazungushia pande zote unayavundika.

Kuhusu kuziba mianya, mafundi wawili walinishauri saruji tupu nikakataa. Saruji ni ngumu mno kwa mti unaotanuka na kusinyaa, hivyo hupasuka, na maji yakishaingia nyuma yake hayatoki upesi. Chokaa iliyochanganywa na mchanga ni laini zaidi na hupitisha unyevu.

Msingi uinuliwe vya kutosha ili matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini yasifikie gogo la kwanza. Safu hiyo ikishakaa, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili; vipimo hivyo viwili vinapaswa kulingana. Vipimo vyetu vilipishana kwa sentimita tatu, tukaiteremsha yote na kuipanga upya kabla ya kupandisha gogo jingine.