Kipindupindu na "suala zima"

SWALI: Mimi ni Mkenya, nafanya kazi Arusha. Kwetu redio husema "mkurupuko wa kipindupindu"; huku nasikia "mlipuko". Lipi sahihi?

JIBU: Yote mawili, ndugu yangu. Baruti hulipuka, kanga hukurupuka kichakani, na maradhi yanayozuka ghafla yana ruhusa ya kufanya lolote kati ya hayo. Wakenya wakurupuke, Watanzania walipuke, hakuna atakayepotea njia.

Lakini kwa kuwa umenigusa penye kidonda, acha nikuonyeshe kinachonikera. Ni tangazo la aina hii, ambalo hubandikwa kila maradhi haya yanapozuka:

"Wananchi wote mnahimizwa kuzingatia suala zima la unywaji wa maji yaliyochemshwa."

"Mnahimizwa" na nani? Mhimizaji kajificha nyuma ya kitenzi. "Kuzingatia" nako ni kufanya nini hasa? Mimi naweza kuzingatia nimeketi barazani, bilauri ya maji ya kisima mkononi, nikanywa huku nazingatia. Halafu hili "suala zima". Lipo nusu suala? Robo? Lifute uone kama tangazo limepungukiwa na chochote. "Unywaji" ni kitenzi kilichovunjwa miguu ili kibebwe kwenye machela. Na "yaliyochemshwa", neno pekee lililokuja kufanya kazi, limesukumwa mkiani, wala hatuambiwi yachemshwe kiasi gani. Wapo wanaoepua sufuria mara tu maji yanapofuka moshi.

Kipindupindu kikali kisipotibiwa huweza kumuua mtu mzima kwa saa chache. Mgonjwa hana muda wa masuala, mazima wala mabovu. Andikeni hivi:

"Chemsha maji ya kunywa. Yakitokota, yaache dakika nzima ndipo uepue. Yaweke kwenye chombo safi chenye mfuniko. Ukiona mtu anaharisha majimaji mfululizo, mpeleke kituo cha afya sasa hivi, na njiani mnyweshe ORS, yaani unga wa chumvi na sukari uliokorogwa kwenye maji salama."

Hapo "nzima" nimeitumia mwenyewe, kwa sababu dakika inapimika.

Ama "kuchukua tahadhari", vita hivyo nimeshachoka kuvipigana. Wazee wetu walitahadhari tu, hawakuwa na haja ya kuichukua popote. Basi ichukueni, ila mkifika nayo nyumbani mtie sufuria jikoni.