“Maadili yatazingatiwa”: na nani?

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Ameteuliwa kuingia kwenye kamati ya kupitia rasimu ya sera ya nanoteknolojia, yaani teknolojia ya vitu vidogo mno, yeye si mwanasayansi, na anauliza aanzie wapi. Ujumbe wake niliusoma mara tatu. Miaka sita iliyopita nilikalia kiti kama hicho, na niliinuka nimeshindwa.

Nilipeleka kurasa 31. Nilieleza kwamba nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na kwamba kitu kikisagwa hadi chini ya nanomita 100 tabia yake yaweza kubadilika kabisa. Hata dhahabu huonekana nyekundu. Niliandika kuhusu mirija ya kaboni, nyuzi tupu ndani zenye unene wa nanomita chache, ambayo utafiti wa 2008 ulionyesha kuwa ile mirefu ilizusha kwenye utando wa tumbo la panya uvimbe unaofanana na ule wa nyuzi za asbestosi, madini yanayosababisha saratani. Nikauliza ni nani atakayevuta vumbi la mirija hiyo kiwandani. Usiku mwingi niliumaliza hapo.

Vikao vya katikati sitavisimulia. Rasimu ya mwisho ilipotoka, kazi yangu yote ilikuwa imegeuka maneno haya: “Masuala ya maadili yatazingatiwa.” Basi. Waliozungumzia ushindani wa viwanda walipewa sura nzima. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile kifua hubana.

Ilinichukua muda kuona kosa liko wapi. Itazame sentensi yenyewe: kitenzi kimetendwa, mtenda hayupo. Yatazingatiwa na nani? Kwa fungu lipi? Kufikia lini? Na asipoyazingatia? Nami katika kurasa 31 sikuwa nimependekeza hata kifungu kimoja chenye mtenda. Nilieleza hatari, nikawaachia wengine kuandika sheria.

Kwingine mtenda ametajwa. Ulaya, tangu Julai 2013, mwenye kuuza kipodozi chenye chembe za nano lazima aandike neno “nano” kwenye orodha ya viambato. Ufaransa, kuanzia mwaka huohuo, watengenezaji na waagizaji wanatakiwa kutangaza kila mwaka kiasi wanachoshughulikia na matumizi yake. Marekani iliiweka hoja ya maadili ndani ya sheria yake ya nanoteknolojia ya Desemba 2003, ikataja na mabaraza ya wananchi. Sheria hizo zina mapungufu, lakini mwananchi ana pa kushika.

Kwa hiyo, ndugu yangu, tafuta mtenda. Ukikuta “itahakikishwa”, uliza na nani. Ukikuta “itahamasishwa”, uliza tena, hata wakikuona msumbufu.

Na wahi. Ufaransa ilipoendesha mjadala wa umma mwaka 2009 na 2010, mikutano kadhaa ilivurugwa. Waliopinga walisema maamuzi yalishapitishwa na wao wameitwa kuyabariki. Siungi mkono kuvuruga mkutano, ila uchungu wao naujua. Maoni yanayoombwa baada ya fedha kugawanywa ni dharau kwa wanaoombwa.

Mara ya pili nilipoitwa, kwenye kamati nyingine, nilikwenda na kurasa mbili tu. Kifungu changu kimoja kilipita: mtafiti anayelipwa kwa fedha za umma atachapisha matokeo yote ya usalama, yakiwemo mabaya. Najivunia kifungu hicho kuliko chochote nilichowahi kuandika. Kodi ndiyo iliyolipia maabara; mlipakodi ana haki ya kujua kilichoonekana humo, na ana haki ya kuuliza hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, itakuwa ya nani dawa ikipatikana. Tusilionee haya swali hilo. Anayeketi kwenye kamati ya umma akanyamaza ili asionekane mjinga amewanyima sauti wote waliobaki nje ya mlango.

Umeniambia kikao chenu cha kwanza ni Jumanne. Omba jedwali la bajeti leo, na utafute humo mstari wa utafiti wa usalama. Ukikosekana, andika kifungu chako cha kwanza usiku huu, kisha nitumie nikisome kabla hujakipeleka.