Pendekezo hilo usiingie nalo mkutanoni

Usiingie nalo mkutanoni. Umeandika kwamba mwezi ujao unaanza kazi katika kampuni ya vipuri huko Nagoya, Japani, ukauliza kuhusu kadi za biashara, zawadi, mavazi na namna ya kukataa pombe, kisha mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, ukadokeza kuwa umeandaa mpango wa soko la Afrika Mashariki utakaowashtukiza nao wakubwa katika mkutano wako wa kwanza. Hayo ya mwanzo mgeni akikosea husamehewa. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa Yokohama.

Nilikuwa katika kampuni inayouza magari yaliyotumika, nikishughulikia wanunuzi wa Dar es Salaam na Mombasa. Niliona wateja wetu wa siku nyingi wanatukimbia kwa sababu tuliwadai malipo yote kabla ya gari kupakiwa, nikabuni utaratibu wa kulipa nusu kwanza na nusu meli ikishatia nanga. Mpango wenyewe haukuwa mbaya, na hadi leo nautetea. Tatizo ni kwamba sikumwonyesha mtu. Niligawa karatasi palepale mkutanoni, mkuu wa idara akiwa ameketi mahali pake, mbali na mlango kama desturi inavyotaka, nikaeleza kwa Kijapani changu cha darasani. Kacho, yaani mkuu wa kitengo chetu na bosi wangu wa karibu, alivuta hewa kwa meno, akaigeuza karatasi yangu kifudifudi, akaweka kikombe cha chai juu yake. Mkuu wa idara akasema suala litachunguzwa. Hakuna aliyepinga. Nikakumbuka kwamba anayenyamaza amekubali, nikasahau habari ya kimya kingi na mshindo wake, nikatoka chumbani nikitembea kama mwenye hisa.

Jioni ileile nikampigia simu mzee mmoja wa Dar es Salaam, nikamwambia jambo limepita. Mzee wa watu akachukua malipo ya awali kwa wateja wake, akatuma nusu yake, akangoja meli. Magari yakabaki yadini, kwa kuwa wahasibu hawakuwa na karatasi yoyote yenye mhuri iliyobadilisha masharti ya malipo. Ilimbidi arudishe fedha za watu ambazo nyingine alikwisha kuzitumia, na tangu hapo hakupokea simu yangu tena. Mkataba wangu haukuongezwa Machi, mwaka wa fedha wa kampuni ulipofungwa. Hakuna aliyenikemea hata siku moja. Waliniaga kwa shada la maua, na lilikuwa zuri.

Ninayemlaumu hasa ni mshauri mmoja wa adabu za Kijapani aliyetutoza ada ukumbini, akatumia asubuhi nzima kutufundisha kuinama nyuzi 15, 30 na 45, kisha akatuhakikishia kwamba Mjapani humheshimu kijana anayejitokeza mkutanoni na wazo jipya. Mgongo wangu siku ile haukuwa na kosa, ungeweza kuupima kwa kipimapembe. Baadaye niligundua kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuajiriwa Japani, na ada yetu hajairudisha.

Basi shika hili moja: jambo lisifike mkutanoni kabla hujazungumza na kila atakayeketi humo, mmoja mmoja. Wenyewe huita nemawashi, na bila hiyo mkutano hauamui kitu, kwa kuwa katika kampuni nyingi mkutano ni mahali pa kuthibitisha yaliyokwisha kukubaliwa kando. Anza na mwenzako aliyekutangulia kazini, umpe ukurasa mmoja wa A4 na umuulize anaona ugumu gani, kisha urekebishe kweli, usimwitikie kwa adabu tu. Ndipo umfikie kacho, na yeye ndiye alipeleke kwa mkuu wa idara. Ukimruka, umemwaibisha mbele ya mkubwa wake. Huenda akaliwasilisha kana kwamba ni wazo lake. Mwache. Wahasibu nao waone mapema, maana ndio walionimaliza mimi. Baada ya hapo waraka wa ringi, yaani wa kuombea idhini, huzunguka meza kwa meza, au siku hizi kwenye kompyuta, hadi kila mhusika aweke mhuri wake, na kabla ya mhuri wa mwisho usimwahidi mteja wa huku hata kwa utani. Utachoka kusubiri, lakini waraka ukishapita utekelezaji hukimbia, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kushawishiwa.

Ile rasimu uliyoambatisha ina jina la mkuu wa idara juu kabisa. Liondoe leo, na wa kwanza kuiona awe yule mfanyakazi aliyekuandikia kuhusu nyumba na tiketi.