Favignana kwa siku moja na watoto

Dada, umeuliza kama Favignana, kile kisiwa kidogo karibu na Sisilia, Italia, inatosha kwa siku moja ukitokea mji wa Trapani na watoto wawili wadogo. Inatosha, ila panda boti ya asubuhi. Boti ya mwendo kasi ni kama nusu saa. Feri ya kawaida hufika karibu saa nzima.

Ukishuka bandarini, kodi baiskeli, maana upande wa mashariki ni tambarare. Wengi watakuelekeza Cala Rossa. Nenda ukaione, kwa kweli inapendeza: maji ya feruzi chini ya machimbo ya zamani ya mawe. Lakini hakuna mchanga pale, na njia ya kushukia ni miamba mitupu. Na watoto wadogo mimi nisingethubutu. Kuogelea wapeleke Lido Burrone, upande wa kusini, kuna mchanga na maji hayana kina karibu na ufuo. Bebeni kofia na maji ya kunywa, vivuli ni haba mno.

Angalieni pia upepo. Ukivuma kwa nguvu, safari huahirishwa, kwa hiyo msiweke ndege yenu jioni hiyohiyo.