Kumpata mwandishi wa makala za programu za tovuti

Dada wa Kisumu, umeuliza utampataje mtu wa kukuandikia, kwa jina lako, makala kuhusu programu za kutengeneza tovuti. Usianze na bei. Mpe kwanza jaribio la kulipwa: maneno 400, mada moja nyembamba, mathalani kuhamisha tovuti kutoka WordPress.com (huduma inayokuhifadhia tovuti) hadi WordPress, programu ya kutengeneza tovuti, unayoihifadhi kwenye seva yako. Asiyezitumia atazichanganya hizo mbili, na hapo utamjua. Mwombe pia picha za skrini alizopiga mwenyewe, hatua kwa hatua.

Aandikie kwenye Google Docs uliyoifungua wewe. Historia ya mabadiliko itaonyesha kama maandishi yalikua aya kwa aya au yalibandikwa yote kwa mkupuo.

Mkataba, hata wa ukurasa mmoja, useme hakimiliki inakuwa yako ukishalipa, jina lake halitatokea, na masahihisho ni mara mbili. Kulipa kwa neno huzaa maneno ya kujaza nafasi tu, kwa hiyo patana bei ya makala nzima: nusu kwa M-Pesa kabla, nusu baada ya wewe kuzifuata hatua zake kwenye kompyuta zikakubali. Menyu za programu hizi hubadilika, basi patana mapema bei ya kuhuisha makala pia.